Utabiri wa Mawimbi Hupimwa Vipi? Somo kwa Wakaazi wa Kwale

Mvuvi wa Gazi au Shimoni anapopata ujumbe kwamba kesho mawimbi yatafika mita 2, ana uamuzi wa kufanya kabla ya alfajiri. Akiuamini na kubaki nyumbani, siku hiyo jikoni hakuna kitu. Akiupuuza na onyo likawa la kweli, huenda chombo kisirudi. Nahodha wa mashua ya watalii Wasini, mwenye hoteli Diani na mama karanga anayesubiri samaki ufuoni wote wanaitegemea namba hiyo hiyo. Hata mkaazi wa Kinango, aliye mbali na maji ya chumvi, ana hisa yake, kwa kuwa gati na kuta za bahari hujengwa kwa fedha za umma, na vipimo vya ujenzi huo hutokana na hesabu za aina hiyo hiyo.

Namba hiyo hutoka kwenye modeli ya kompyuta. Somo hili linaeleza modeli hizo hufanya kazi vipi, hupewa mtihani gani kabla ya kuaminiwa, na maswali gani mwananchi anaweza kuuliza anapoletewa matokeo yake.

Modeli ni nini?

Modeli ya bahari ni hesabu ndefu inayofanywa na kompyuta. Wataalamu huchukua ramani ya kina cha bahari na kuigawa katika miraba midogo, kama shamba lililokatwa ploti. Kila mraba huandikiwa kina chake. Kisha kompyuta hupewa mambo matatu: upepo unavuma kwa kasi gani na kutoka upande gani, maji yamejaa au yamekupwa kwa kiasi gani, na mawimbi ya namna gani yanaingia kutoka bahari kuu. Kuanzia hapo hupiga hesabu mraba kwa mraba: wimbi litapinda wapi, litavunjika wapi, na maji yanayosukumwa yatatafuta njia ipi ya kutokea.

Mojawapo ya modeli zinazotumika sana duniani kwa mawimbi ya karibu na ufuo inaitwa SWAN. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft nchini Uholanzi, na yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Lakini programu ni kama chungu: mapishi hutegemea kilichotiwa ndani. Ukiipa ramani ya kina iliyopitwa na wakati, itakurudishia namba nadhifu zenye desimali ambazo hazilingani na maji unayoyaona.

Kabla hatujaendelea, tuelewane juu ya maana ya urefu wa mawimbi unaotangazwa. Wataalamu huchukua mawimbi yote ya kipindi fulani, huchagua theluthi moja ambayo ni mirefu zaidi, kisha hutoa wastani wa hayo. Wastani huo ndio unaotajwa. Kwa hiyo ukisikia mita 1.5, usidhani hakuna wimbi litakalozidi hapo. Ndani ya saa chache, wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya namba hiyo, yaani karibu mita 3. Kwa mwenye ngalawa au mtumbwi, wimbi hilo moja ndilo la kuogopwa.

Kwa nini karibu na ufuo hesabu ni ngumu?

Kwenye kilindi, wimbi halihisi sakafu ya bahari. Likikaribia nchi kavu, huanza kuhisi. Hupungua kasi, hupinda kufuata umbo la sakafu, huinuka, kisha huvunjika. Kwa kukadiria, wimbi huvunjika urefu wake unapofika kama robo tatu ya kina cha maji yaliyo chini yake.

Katika pwani yetu kanuni hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu ya mwamba wa matumbawe. Tuseme nje ya mwamba mawimbi ni mita 2. Maji yakikupwa na kubaki mita 1 juu ya mwamba, mawimbi hayo huvunjika pale pale kwenye ukingo, na ndani ya mwamba kunabaki kumetulia. Lakini katika pwani ya Kenya, wakati wa bamvua, maji yanaweza kupanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa. Maji yakijaa hivyo, sehemu kubwa ya mawimbi yale yale hupita juu ya mwamba na kuja kupiga ufuoni. Bahari ya nje haijabadilika, ila ufuo umebadilika kabisa kwa muda wa saa sita.

Kumbuka siku za mwanzo wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania na onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa likatolewa hata huku kwetu. Mtu aliyesimama ufuoni saa za kupwa katika siku kama zile, akaona maji yametulia, angeweza kusema utabiri ni uongo. Lakini utabiri wa bahari ya nje hauwezi kupimwa kwa macho kutoka ndani ya mwamba. Hizo ni sehemu mbili tofauti, na kila moja ina mtihani wake.

Kuna jambo la pili, nalo ni mikondo. Mawimbi yakivunjika juu ya mwamba, husukuma maji kuingia ndani. Maji hayo hurundikana, kisha hutafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea kwenye mlango wa mwamba. Wavuvi wanaijua milango hiyo kwa majina. Mikondo ya aina hii, wimbi likiwa kubwa, inaweza kufika mita 2 kwa sekunde, mwendo ambao hata mwogeleaji bingwa hawezi kushindana nao kwa muda mrefu. Ukichukuliwa na mkondo, usipigane nao uso kwa uso. Elea, inua mkono kuomba msaada, na ogelea kuelekea ubavuni mwa mkondo mpaka utoke ndani yake. Modeli inayokosea mahali wimbi linapovunjika itakosea pia nguvu ya mkondo huu.

Mtihani hufanywaje?

Mtihani wa modeli una kanuni moja: hesabu huwekwa kando ya kipimo halisi, cha mahali pale pale na saa ile ile. Vipimo hutoka kwenye vyombo. Boya linaloelea hupanda na kushuka na wimbi na kurekodi mwendo wake. Kifaa kilichofungwa kwenye sakafu hupima uzito wa maji yaliyo juu yake, hivyo hujua wimbi linapopita. Kifaa kingine hutuma sauti majini na kusoma mwangwi wake ili kujua mkondo unakwenda wapi na kwa kasi gani. Bandarini Kilindini, Mombasa, kuna kipimo cha kujaa na kupwa kwa maji ambacho kumbukumbu zake zinaanzia miaka ya 1980.

Mahali panapojulikana sana duniani kwa mitihani hii ni mji mdogo wa Duck, jimbo la North Carolina, Marekani. Tangu 1977, kikosi cha wahandisi wa jeshi la nchi hiyo kina kituo cha utafiti hapo, chenye gati la urefu wa mita 560 linaloingia baharini. Mawimbi na mikondo hupimwa mfululizo, na sakafu ya bahari hupimwa upya mara kwa mara kwa sababu mchanga huhama. Baadaye kituo hicho kiliandaa utaratibu wa kuendesha modeli mbalimbali na kuzilinganisha na vipimo hivyo bila kungoja mwisho wa mwaka. Modeli ikikosea leo, kosa lake linaonekana leo.

Mfano wa darasani

Tufanye hesabu wenyewe. Namba hizi tumezibuni kwa ajili ya somo. Boya limepima mawimbi kwa siku tano, na modeli nayo ilikuwa imetabiri siku hizo hizo:

Jumatatu: boya mita 1.0, modeli mita 1.1
Jumanne: boya mita 1.2, modeli mita 1.2
Jumatano: boya mita 1.6, modeli mita 1.4
Alhamisi: boya mita 2.0, modeli mita 1.5
Ijumaa: boya mita 1.4, modeli mita 1.3

Kipimo cha kwanza ni mwelekeo wa kosa: je, modeli huzidisha au hupunguza? Toa namba ya boya kwenye namba ya modeli kila siku, jumlisha, kisha gawanya kwa tano. Utapata upungufu wa sentimita 14. Modeli hii huelekea kupunguza mawimbi.

Kipimo cha pili ni ukubwa wa kosa bila kujali upande. Kosa la Jumatatu ni sentimita 10, Jumanne 0, Jumatano 20, Alhamisi 50 na Ijumaa 10. Wastani wake ni sentimita 18.

Kipimo cha tatu ni kuishindanisha na mtabiri mvivu, yaani mtu asemaye kila siku kwamba kesho itakuwa kama leo. Huyo Jumanne angesema mita 1.0, Jumatano 1.2, Alhamisi 1.6 na Ijumaa 2.0. Kosa lake la wastani kwa siku hizo nne ni sentimita 40. Modeli, kwa siku hizo hizo nne, imekosea kwa wastani wa sentimita 20. Imemshinda mvivu, kwa hiyo ina faida. Modeli isiyoweza kumshinda mtabiri mvivu haistahili gharama ya kompyuta.

Sasa angalia tena Alhamisi. Nguvu ya wimbi hufuata mraba wa urefu wake: wimbi la mita 2 lina nguvu mara nne ya wimbi la mita 1. Zidisha 2.0 kwa 2.0 upate 4. Zidisha 1.5 kwa 1.5 upate 2.25. Katika siku iliyokuwa na hatari kubwa kuliko zote, modeli iliona zaidi kidogo ya nusu ya nguvu ya bahari. Wastani wa sentimita 18 unasikika vizuri mkutanoni, lakini hautaji kwamba kosa kubwa liliangukia siku ya hatari.

Mitego mitatu ya kuangalia

Mtego wa kwanza tumeuona: wastani huficha siku mbaya. Siku nyingi za mwaka bahari huwa ya kawaida, na modeli hupata alama kwa kukisia ya kawaida. Mwenye chombo anataka kujua ilifanyaje siku ambazo si za kawaida.

Mtego wa pili ni mtihani uliovuja. Kila modeli ina vitasa vya kurekebisha, kwa mfano ukali wa sakafu unaopunguza nguvu ya maji. Wataalamu hurekebisha vitasa hivyo mpaka hesabu ilingane na vipimo. Hilo ni sawa. Lakini wakitumia vipimo hivyo hivyo kutangaza kwamba modeli imefaulu, ni kama mwalimu aliyewapa wanafunzi mtihani wa maswali aliyokwisha kuwafanyia ubaoni. Mtihani wa haki hutumia vipimo vya siku ambazo modeli haikupata kuziona.

Mtego wa tatu ni cheti cha mahali pengine. Modeli iliyofaulu Duck imefaulu kwenye ufuo wa mchanga wenye kujaa na kupwa kwa takriban mita 1. Kwetu sakafu ni matumbawe yenye makali, na maji hupanda mara tatu ya hapo. Ningaloo, magharibi mwa Australia, ambako ufuo umezungukwa na mwamba unaofanana zaidi na wetu, watafiti waliweka vyombo na kuvilinganisha na modeli iitwayo XBeach, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Waliona kwamba ndani ya mwamba, mawimbi mafupi ya kawaida yalikuwa yamekwisha kuvunjika, na sehemu kubwa ya nguvu iliyobaki ilikuwa ya mawimbi marefu, ya taratibu, yanayoinua na kushusha maji kwa dakika nzima au zaidi. Modeli isiyohesabu mawimbi hayo marefu ingesema ndani kumetulia, hali maji yanapanda ufuoni.

Misimu nayo ni sehemu ya mtego huu. Modeli iliyopimwa wakati wa kaskazi, bahari ikiwa ya upole, bado haijafanya mtihani wa kusi. Anayesema imefaulu bila kutaja msimu amesema nusu ya habari.

Onyo la bure na onyo lililokosekana

Kuna njia nyingine ya kuhesabu makosa, nayo ndiyo inayogusa maisha. Onyo likitolewa na bahari ikatulia, hilo ni onyo la bure. Bahari ikichafuka bila onyo kutolewa, hilo ni onyo lililokosekana. Makosa haya mawili hayana gharama sawa. La kwanza humnyima mvuvi mapato ya siku, na likirudiwa mno watu huacha kusikiliza. La pili linaweza kuondoa uhai. Ndiyo maana watoa utabiri hukubali maonyo kadhaa ya bure ili wasikose moja la kweli, na ndiyo maana pia wanahitaji kujua kwa namba ni mangapi yalikuwa ya bure. Mvuvi ana haki ya kulalamika anapopoteza siku. Lalamiko hilo likiandikwa pamoja na tarehe, saa na mahali, linageuka kuwa kipimo.

Hili linakuhusu vipi?

Wakaazi wa Vanga wanajua maana ya bamvua kuingia mjini. Mahali kama hapo panapopendekezwa ukuta wa bahari, au gati panapopokelewa samaki, mhandisi huleta ripoti yenye michoro ya rangi. Michoro hiyo hutoka kwenye modeli. Ukuta ukijengwa mfupi, maji yataupanda. Ukijengwa bila kujua mkondo, unaweza kuokoa ufuo wa mbele na kuhamishia mmomonyoko kwa jirani.

Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kutunza mazingira, na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Huhitaji shahada ili kuitumia haki hiyo. Katika baraza au mkutano wa umma, uliza maswali haya matano:

1. Modeli hii ililinganishwa na vipimo vya wapi, na umbali gani kutoka hapa petu?
2. Vipimo hivyo vilichukuliwa msimu gani, na vilihusisha bamvua?
3. Ramani ya kina cha bahari ni ya mwaka gani?
4. Vipimo vya kurekebishia modeli na vya kuipa mtihani vilikuwa tofauti?
5. Katika siku zenye mawimbi makubwa kuliko zote, ilikosea kwa kiasi gani?

Mtaalamu aliyefanya kazi yake atafurahi kujibu. Ikiwa jibu ni kwamba vipimo vya hapa havikuchukuliwa, mradi si lazima ufe, lakini ni sababu ya kutosha ya kuomba vichukuliwe kabla saruji haijamwagwa.

Macho ya wakaazi ni chombo pia

Vyombo vya kupimia ni ghali, na bahari huvila. Ghuba ya Gazi imebahatika kuwa miongoni mwa sehemu za pwani ya Kenya zilizochunguzwa sana, kwa kuwa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, ina kituo hapo. Sehemu nyingine nyingi hazina hata boya moja. Lakini kila bandari ya wavuvi ina watu wanaoitazama bahari kila siku. BMU, shule au kikundi cha vijana kinaweza kuanza na daftari moja:

Chagua mahali pamoja na usipabadilishe. Weka alama za kila sentimita 10 kwenye nguzo imara ya gati, au tumia ngazi za gati zenyewe. Andika tarehe, saa na umri wa mwezi. Andika maji yalifika alama gani yalipojaa kabisa. Andika upepo ni wa upande gani, na mawimbi yalivunjika wapi: ukingoni mwa mwamba, ndani yake, au ufuoni. Mwisho, andika utabiri wa siku hiyo ulisema nini. Andika hata siku ambazo hakuna jambo, kwa sababu daftari lenye siku za dhoruba peke yake haliwezi kuonyesha maonyo ya bure. Usiingie majini kupima siku ya bahari chafu. Alama za nguzoni husomwa ukiwa nchi kavu.

Daftari la mwaka mzima, la kusi na kaskazi, lina thamani kwa mtafiti yeyote anayetaka kujua kama modeli yake inaifahamu bandari yenu.

Zoezi la kujipima

Rudi kwenye mfano wa siku tano. Tuseme kuna modeli ya pili ambayo ilitabiri mita 1.3 kila siku bila kubadilika. Tafuta mwelekeo wa kosa lake, kisha ukubwa wa kosa lake, halafu useme kama ungeitumia.

Jibu: mwelekeo wa kosa ni upungufu wa sentimita 14, sawasawa kabisa na wa modeli ya kwanza. Ukubwa wa kosa ni sentimita 30, na Alhamisi ilikosea kwa sentimita 70. Mtu akikuonyesha kipimo cha kwanza peke yake, modeli hizi mbili zinafanana. Moja inafuata bahari inapopanda na kushuka, nyingine haiitazami kabisa. Kwa hiyo ukiletewa alama moja tu ya mtihani, omba uonyeshwe na nyingine, kuanzia siku iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Hadi bandari yako iwe na vipimo vyake, ongozwa na mambo mawili kwa pamoja: utabiri wa bahari wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na jedwali la kujaa na kupwa. Utabiri ukisema mawimbi makubwa na jedwali likionyesha bamvua, vuta chombo juu na uwaondoe watoto ufuoni saa za maji kujaa, hata kama asubuhi ulikuta maji yamelala.